Siku Mama Alipopigiwa Makofi

Kwenye msiba wa mama, watu walimsifu kwa jambo ambalo hakulifanya, na aliyewapa jambo hilo nilikuwa mimi. Tulikuwa kwenye ukumbi wa kanisa hapa Fort Worth, wali na maharage vinapoa kwenye masinia ya foili, na mzee mmoja wa jumuiya yetu akashika kipaza sauti akasema marehemu aliwaficha watoto wa jirani wakati wa vita, akawalinda mpaka vita vikapita. Akina mama wakaguna kwa kukubali. Mimi nilikuwa na sahani mapajani. Nikaendelea kula, kwa sababu sikujua ningeanzia wapi, na kwa sababu nilikuwa na njaa kweli.

Wiki hiyo hiyo nilikaa sakafuni kwenye apatimenti yake nikikunja vitenge vyake ndani ya maboksi. Vilinukia sabuni ya mche na mawese, harufu ile ile niliyokuwa nikiikimbia shuleni, na ndipo nikaanza kuandika. Nawaandikia watu wa rika langu, sisi tuliovushwa mpaka tukiwa migongoni mwa mama zetu na miaka michache baadaye tukageuka kuwa midomo ya wazazi wetu. Mnaijua kazi hiyo. Una miaka kumi na mmoja na unamweleza mama yako daktari amesema nini kuhusu kizazi chake. Unamwambia meneja wa apatimenti kwamba choo kimeziba wiki ya pili, na matusi ya mama unayaacha njiani, kwa sababu atakayeona aibu ni wewe. Hakuna aliyetufundisha kupunguza maneno. Kila mtu alijifunza mwenyewe, na mimi nilikuwa hodari.

Makabila siyataji. Najua baadhi yenu mmeshaanza kunusa nani alikuwa nani, na sina hamu ya kuwasaidia. Inatosha kusema tulitoka Burundi mimi nikiwa mtoto wa kunyonya, baba akafia kambini Tanzania, na nilipofika Texas na mama nilikuwa na miaka kumi na mmoja. Nyumbani tulisema Kiswahili tu. Kirundi mama alikiacha mpakani. Wanawake wenzake wa kambini walipomsalimia kwa Kirundi, aliwajibu kwa Kiswahili, na mimi nilidhani anaringa.

Darasa la saba tulisoma riwaya kuhusu vijana wawili wa Kiyahudi, Lea na mdogo wake Tobi, waliofichwa na mama mmoja mkulima juu ya zizi la ng'ombe wakati Wajerumani wakiwakusanya watu wao. Mwalimu wetu wa Kiingereza, Bi Harlan, alikuwa na utaratibu wake: kila siku mwanafunzi amsomee mtu mzima wa nyumbani kurasa kadhaa, na mtu mzima huyo atie sahihi kwenye karatasi. Wenzangu walighushi sahihi za wazazi wao kwenye basi. Mimi nilijaribu kumpa mama kalamu asaini tu yaishe, akanitazama.

"Siwezi kuweka sahihi kwenye kitu ambacho sijakisikia," alisema. "Soma."

"Mama, ni Kiingereza."

"Basi sema kwa Kiswahili. Mdomo si unao?"

Kwa hiyo kila saa kumi alasiri, akitoka ghalani alikokuwa akifunga maboksi tangu alfajiri, alivua buti, akakaa kwenye kochi na sinia la maharage mapajani, na mimi nikamgeuzia riwaya nzima kwa Kiswahili, sentensi baada ya sentensi. Nilitarajia asinzie. Hakusinzia hata siku moja. Alichambua maharage bila kuyatazama na kuniuliza maswali, na maswali yake hayakuwa kama ya Bi Harlan. Bi Harlan alitaka kujua Lea anajisikiaje. Mama hakujali Lea anajisikiaje. Alitaka kujua habari za yule mwenye zizi.

"Ndoo yao ya choo anaimwaga nani?"

"Haijaandikwa."

"Nyumba ya mtu mmoja ikimwaga ndoo ya watu watatu, majirani hawaoni?"

"Mama, sijui."

"Na maji? Anachota saa ngapi? Huyo aliyeandika kitabu hajawahi kuficha mtu."

Alisema hivyo akatupa kijiwe alichokitoa kwenye maharage, na mimi nikabaki nimeshika ukurasa kwa kidole. Nilikuwa na miaka kumi na mitatu. Nilijumlisha mbili na mbili nikapata ishirini. Mtu anayejua mambo ya ndoo na maji kiasi hicho, niliwaza, ameficha watu, na kama ameficha watu basi aliwaokoa. Kwenye kitabu ilikuwa hivyo. Wanaoficha walikuwa watu wema na wanaotafuta walikuwa watu wabaya, na mama hakuwa mtu mbaya. Sikuona nafasi ya kitu kingine chochote katikati.

Niseme pia nilikuwa nani pale shuleni, maana bila hilo mtaniona mjinga tu. Nilikuwa yule msichana ambaye koti lake linanuka dagaa. Kulikuwa na binti mmoja aliyekuwa akiziba pua kwa vidole viwili kila nikipita, taratibu, bila chuki, kama mtu anayefanya kazi aliyoajiriwa. Wengine waliniuliza kama kwetu tulikuwa tukiishi juu ya miti. Walimu walinionea huruma, na huruma ile niliichukia kuliko vidole vya yule binti. Nilikuwa tayari kuuza chochote ili nitazamwe kwa namna nyingine.

Siku moja Bi Harlan akauliza darasani nani kati yetu angeweza kuficha mtu nyumbani kwake. Mikono yote ikapanda, watoto wa watu walioshiba, kila mmoja shujaa. Mimi sikupandisha. Bi Harlan akaniuliza kwa upole kwa nini, nami nikajibu kwamba mama yangu alishafanya hivyo, kwenye vita, na kwamba si jambo rahisi. Darasa likanyamaza. Yule binti wa kuziba pua akageuka akanitazama, mikono yake imetulia mezani. Ule ukimya nauonja mpaka leo, ulikuwa mtamu.

Bi Harlan alikuwa amemwalika mzee mmoja, Bwana Aron, Myahudi aliyefichwa akiwa kijana huko kwao, aje kutuhadithia. Akaomba mama naye aje siku hiyo hiyo. Nilimwambia mama akiwa jikoni.

"Ticha amekuinvite. Uje useme mambo ya vita. Jinsi ulivyowaficha watu."

Alipunguza moto. "Nani amekuambia niliwaficha watu?"

"Hakuna. Nimejua tu."

"Na huyo mzee, alifichwa kweli, au ni wa kitabuni?"

"Alifichwa kweli. Yeye na dada yake."

Hakunijibu siku hiyo wala kesho yake. Siku ya tatu, akiwa anavaa buti za kazini, alisema, "Nitakuja. Ila nitasema yote, na wewe utayasema yote. Umenisikia?" Nikasema nimesikia. Nilidhani kwa neno hilo 'yote' anamaanisha kuna ushujaa mwingi, tusiache hata kidogo.

Alibadilishana zamu na mwenzake, akavaa suti ya kitenge ya kwendea kanisani na viatu vilivyombana. Bwana Aron alizungumza kwanza. Alikuwa mzee mdogo wa umbo, amevaa sweta la sufu katika joto la Mei la Texas, na fimbo yake ilikuwa na mpira mweupe chini. Nilikaa karibu na mama nikimnong'oneza. Alisema alikuwa na miaka kumi na mitano. Alisema yeye na dada yake waliishi chini ya mbao za sakafu, kwenye banda la mwanamke aliyekuwa akifua nguo za watu, na kwamba alikuwa akiijua hali ya mwanamke yule kwa kusikiliza miguu yake juu ya kichwa chake. Alisema yule mwanamke alikuwa na watoto watatu na kila sababu ya kuwatoa, na kila asubuhi aliamka akaamua upya kutowatoa. Mama alikuwa amejishika mikono. Hapo kwenye neno kuamua aliniuliza, "Amesema kila asubuhi?" Nikamwambia ndiyo.

Kisha wakamwita yeye. Alisimama mbele, mimi ubavuni kwake, watoto thelathini wanatutazama. Shuleni kwetu kulikuwa na Wakongo wawili waliojua Kiswahili, lakini walikuwa darasa jingine. Ndani ya chumba kile hakuna mwingine aliyejua Kiswahili.

"Nilikuwa na miaka ishirini na miwili," alianza. "Mume wangu alikuwa ameshakimbia. Nilikuwa na mtoto mchanga mgongoni. Ndiye huyu anayesema nanyi."

Nikatafsiri. Watoto wakatabasamu.

"Watoto wawili wa jirani walikuja kwangu, msichana wa miaka kumi na tano na mdogo wake wa kiume. Wazazi wao walikuwa wameuawa asubuhi hiyo. Niliwaweka jikoni, nyuma ya kuni. Walikaa siku kumi na moja."

Nikatafsiri, na vizuri.

"Siku ya kumi na moja mwanamke mmoja akaniambia kisimani, siku hizi unachota madumu matatu, una wageni? Akacheka. Mume wake alikuwa mmoja wa wale waliokuwa wakizunguka na mapanga."

Nikatafsiri hilo pia. Darasa zima liliinama mbele, hata yule binti. Sijawahi kusikilizwa namna ile tena maishani.

"Nikarudi nyumbani. Nikamwambia yule msichana, nimemwona mjomba wenu, anawangojea pale wanapoosha kahawa, nendeni sasa hivi kabla hajaondoka. Mjomba hakuwepo. Nilisema hivyo ili watoke bila kulia."

Akaniachia nafasi nitafsiri. Nilimtazama usoni na nikaona hakuwa amekosea. Hakukuwa na sentensi nyingine inayokuja kuiokoa hiyo. Mbele yangu walikuwa wale watoto thelathini wamefungua macho, na kidole cha yule binti kilikuwa mbali na pua yake.

Nikasema kwa Kiingereza: "Kwa hiyo nikawa nachota maji kwa saa tofauti, ili mtu yeyote asiweze kuhesabu madumu yangu."

Mama akaendelea, sauti haijapanda wala kushuka. "Yule msichana alinishukuru. Alinishika kwa mikono miwili, akasema Mungu akulipe mama. Hawakufika kwenye kahawa. Nilisikia nikiwa mlangoni. Nikafunga mlango, nikakaa chini, nikamnyonyesha huyu."

Nikasema: "Vita vilipoisha yule msichana alinishika mikono akanishukuru. Yuko hai. Ana watoto wake sasa."

Msidhani nilikuwa namtetea mama. Sikumfikiria kabisa. Nilikuwa nailinda ile nafasi yangu mpya, na nilitunga haraka na kwa ufasaha, hata wale watoto wa yule msichana niliwaongeza bila kuulizwa.

Walipiga makofi. Bi Harlan alikuwa analia. Bwana Aron akainuka kwa shida, akaiegemeza fimbo kwenye dawati, akamwendea mama na kumshika mikono yote miwili kwa mikono yake miwili, akaibusu. Na mama, ambaye sikuwahi kumwona akilia hata siku ya kumzika baba, akatoa sauti kama mtu aliyechomolewa mwiba, akamwegemea, na mzee mwenye miaka themanini ndiye aliyemshikilia asianguke. Wenzangu wakapiga makofi zaidi.

Njiani kurudi alikuwa anatembea haraka, ameshika viatu mkononi, peku juu ya lami.

"Wamesikia yote," alisema. "Wamesikia na wakanipigia makofi. Hawa watu wameumbwaje? Kwetu wangenitemea mate." Tukavuka barabara. "Na yule mzee. Mwenyewe aliyefichwa. Kanipa mikono miwili. Mtu hakupi mikono miwili kama ana kitu na wewe moyoni. Si umeona?"

"Nimeona, mama."

"Ulisema vizuri. Nilikuwa nakusikia, hukusita."

Kwetu mikono miwili ni hivyo kweli, hupokei wala hutoi kwa mikono miwili mahali penye kinyongo. Yeye alimsoma mzee yule kwa desturi ya kwetu, na desturi ilimwambia amesamehewa na mtu mwenye haki ya kusamehe. Ningeweza kumwambia siku ile pale barabarani. Nilikuwa na njaa, nilikuwa na furaha, kesho yake ningeingia shuleni nikiwa mtoto wa shujaa.

Basi mama akabadilika. Hilo ndilo linalonichoma zaidi, kwamba uongo wangu ulimfaa. Alianza kuimba akipika. Wanawake wa Burundi walipomsalimia baada ya misa kwa Kirundi, aliwajibu kwa Kirundi, na mimi kwa mara ya kwanza nikamsikia mama yangu akichekesha watu kwa lugha ambayo sikuijua. Hadithi ya shuleni ilivuja kupitia watoto wengine na kufika kanisani, na watu wakaanza kumsifu: mama, tumesikia uliwaficha watoto. Yeye akidhani wanajua mwisho wake, akawa anajibu, "Mungu anisamehe." Wao wakauona huo ni unyenyekevu, wakazidi kumpenda. Miaka saba iliendelea hivyo.

Nilikuwa na miaka ishirini nilipotaka kuhamia mji wa Mesquite kukaa na kijana mmoja aliyekuwa akifanya kazi kwenye ghala la huko. Mama hakumtaka. Tuligombana mchana wa Jumamosi, yeye anakaanga vitunguu, mimi nimeshaweka nguo kwenye mifuko. Alinieleza dhambi zangu moja baada ya moja, nami nikamjibu vibaya.

"Unanihukumu wewe?" nilimwambia. "Wewe?"

"Mimi yangu nimeyasema," alijibu, bila hasira. "Nimesimama mbele ya watu, mbele ya mzee aliyeyapitia, nikasema yote, na wakanipokea. Wewe yako utayasema wapi?"

Nilikuwa na sentensi moja ya kumnyamazisha na niliijua. Nimejaribu mara nyingi kujiambia kwamba ilinitoka tu. Haikunitoka. Niliitazama kwanza, nikaona itamuumiza kiasi gani, nikaitumia.

"Hawakukusikia. Sikuwaambia. Niliwaambia uliwaokoa."

Alizima jiko. Vitunguu viliendelea kuchachatika kidogo, kisha vikaacha. Nilingoja kofi au yowe. Akavuta kiti akakaa, na akaniuliza kwa sauti ya mtu anayetaka kurekebishiwa fomu.

"Pale niliposema mjomba hakuwepo. Wewe ulisema nini?"

"Nilisema ukabadilisha saa za kuchota maji."

"Na pale alipofanya hivi?" Akanyoosha mikono yake miwili mbele, mitupu.

"Nilisema yuko hai. Ana watoto."

"Ana watoto," alirudia. "Kwa hiyo makofi yalikuwa ya hao watoto."

"Ndiyo."

"Na mzee?"

"Na mzee."

Sikuhamia Mesquite wiki ile. Mama aliacha kuimba, na wale wanawake wa misa akarudi kuwajibu kwa Kiswahili, wakadhani wamemkosea. Wiki mbili baadaye aliniambia nimtafute Bwana Aron. Bi Harlan, ambaye sikumweleza sababu, alinipa namba: mzee alikuwa amehamia Katy, karibu na Houston, kwa binti yake. Nikapiga simu, nikasema mama angependa kumsalimia. Wakafurahi sana.

Tuliendesha Jumapili, misa tukaikosa, saa nne za barabara ya 45 kushuka Houston na saa nyingine karibu nzima kuelekea magharibi, na mama hakusema neno zaidi ya kuniambia nipunguze mwendo. Mapajani alikuwa na mfuko wa ndizi za kupika kutoka duka la Waafrika, maana hakuwahi kuingia kwa mtu mikono mitupu. Nyumba ilikuwa moja ya zile mpya zinazofanana mtaa mzima. Binti wa mzee alimkumbatia mama mlangoni, akamwita mwanamke wa ajabu. Mama akaniuliza kasema nini. Nikamwambia. Akasema, "Twende ndani upesi."

Mzee alikuwa amepungua, blanketi magotini, lakini macho yake yalikuwa yale yale. Mama alikataa kiti. Akasimama mbele yake na kusema yote upya, sentensi kwa sentensi, kuni, madumu, mjomba, mikono miwili, mlango. Safari hii niliyasema kama yalivyo. Kiingereza changu, ambacho kilikuwa kizuri kuliko cha wengi, kilikuwa kinakwama kama cha mtoto. Nikamwambia pia kwamba ule mwisho wa kwanza niliutunga mimi. Binti yake akaweka kikombe chini.

Mzee akauliza, "Yule msichana alikuwa na miaka mingapi?"

"Kumi na mitano."

Akatikisa kichwa kidogo. Mama akaniambia, "Mwulize sasa. Amesikia yote sasa. Mwulize kama bado ananipa mikono."

Nikamwuliza. Akamtazama mama moja kwa moja, si mimi. "No," alisema. Halafu akaendelea polepole, akitafuta maneno, kwamba jambo hilo si lake kulitoa, ni la wale wawili, na wale wawili hawapo. Kwamba anaelewa alikuwa na mtoto. Kwamba mwanamke wa kwao aliyewaficha naye alikuwa na watoto. Akasema siku ile darasani alimbusu mikono kwa ajili ya mwanamke yule, na sasa hajui aliweke wapi busu hilo. Akaomba tumwache apumzike.

Mama alikuwa ananingoja. Nilimwona kwenye suti yake ile ile ya kitenge, imemlegea, na kitu kikavunjika ndani yangu. Huruma, naapa, safari hii ilikuwa huruma.

"Anasema ni mambo ya zamani," nikamwambia. "Anasema Mungu amekusamehe, na yeye hana neno."

Mama alinitazama, na uso wake haukuwa na hasira hata kidogo. Ningependa ungekuwa nayo.

"Amesema no," alisema. "Hiyo naijua. Kazini supervisor ananiambia kila siku."

Akamgeukia mzee, akainamisha kichwa, akasema kwa Kiingereza chake, hakuna mtu katikati yao, "Okay. Thank you, sir." Akatoka. Ndizi zilibaki sakafuni karibu na mlango. Njia nzima mpaka Fort Worth nilimwomba msamaha, na kila mara alijibu kwa upole, "Endesha gari." Hatukugombana tena. Nilimtembelea kila wiki, alinipikia, aliniuliza habari za kazi yangu ya maabara, na hakunipa tena barua ya kumsomea. Za hospitali, za umeme, zote alimpelekea padri.

Mwaka huu alipolazwa, asubuhi moja daktari aliingia kumweleza kwamba mapafu yamechoka na ni lazima waamue kuhusu mashine ya kupumulia. Nesi akasema haina shida, binti yuko hapa, atatafsiri. Nikasogea kitandani, nimeshafungua mdomo. Mama akainua mkono kutoka kwenye shuka.

"No daughter," alimwambia nesi. "Telephone."

Wakaleta simu ya wakalimani, wakaiweka kwenye meza ya chakula, wakaongeza sauti. Ilikuwa sauti ya kijana wa kiume, mtu wa pwani kwa lafudhi yake, huenda amekaa jikoni kwake mji mwingine kabisa. Akajitaja kwa namba, akamwamkia shikamoo mama. Daktari akasema yake. Kijana akayasema yote, hata lile neno kufa hakulizungusha. Mama akajibu kwamba mashine hataki, kwamba anaogopa, na kwamba kuna watoto wawili anaowaona na hana la kuwaambia. Kijana akasita kidogo hapo, nikamsikia akivuta pumzi, kisha akalisema hilo pia kwa Kiingereza, neno kwa neno.

"Umesema kama nilivyosema?" mama akamwuliza.

"Yote, mama. Sijaacha kitu."

"Asante, mwanangu," alimwambia.